Treni Ambayo Haijachezewa

Gervas Komba alikuwa na maradhi ambayo mkewe aliyavumilia na mama mkwe wake aliyaonea aibu: alikusanya treni za kuchezea. Si hizi za plastiki zinazopiga kelele wiki moja kisha zikafa. Yeye alizitaka za zamani, za bati na chuma, zilizotengenezwa Ulaya kabla baba yake hajazaliwa, ambazo hutufikia zikiwa zimefukiwa ndani ya belo za midoli ya mitumba. Apolinari, mfanyabiashara wa belo pale Tandika, alimwekea pembeni kila chenye magurudumu na umri. Ikifika Jumamosi Gervas alivua tai ya ukarani wake wa bandarini, akaenda kuchagua.

Kuchagua kulikuwa na utaratibu wake. Aliinua kichwa cha treni mpaka usawa wa jicho, akakiinamisha kwenye mwanga aone kama rangi ni ya kiwandani au imepakwa upya. Alizitazama skrubu, maana skrubu iliyochubuka inaonyesha kwamba mtu amewahi kulifungua tumbo. Alinusa. Mwisho alitazama kingo za magurudumu, na paa, mahali ambapo mkono wa mtoto hushika, kwa sababu swali kubwa la wakusanyaji ni moja: imechezewa au haijachezewa? Iliyochezewa haina bei. Iliyokaa ndani ya boksi lake tangu siku ya kwanza, isiguswe na mtoto yeyote, hiyo ndiyo watu huiulizia kwa sauti ya kanisani. Mimi naona kuna kitu cha kutisha katika kuupenda mdoli kwa sababu hakuna mtoto aliyeufurahia, lakini mimi si mkusanyaji.

Siku alipoipata ile ya kijani, Gervas alikaa kwenye vumbi la Tandika bila kuijali suruali. Kilikuwa kichwa na mabehewa mawili, ndani ya boksi, na ufunguo wa kukazia springi ungali umefungwa kwenye bomba la moshi kwa uzi mwekundu. Uzi ule ulifungwa na mtu wa kiwandani, na hakuna mkono uliowahi kuukata. Apolinari alimuuliza kama ni nzuri. Gervas akajibu ipo ipo tu, akalipa haraka kabla furaha haijamtoka usoni.

Nyumbani kwake Chanika, kwenye nyumba iliyokuwa na bati lakini bado haina dari, alipokewa na mama mkwe. Mama Margareta alikuwa amekuja kutoka Peramiho kumwangalia binti yake Monica, aliyebakiza mwezi mmoja kujifungua. Gervas alisimama mbali kidogo, macho chini, kama mkwe anavyopaswa, akaamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, lakini jicho lake lilikuwa kwenye boksi.

"Hicho ni nini, baba?"

"Treni, mama. Ya zamani."

"Ya kuchezea?"

Gervas alieleza kwamba ilikuwa mali ya wakusanyaji, kitu cha watu wazima, na kwamba Mzee Didas wa Mbweni angeinunua mwisho wa mwezi. Fedha hiyo ndiyo ingempeleka Monica kwa daktari bingwa, asipangiwe foleni, asiachwe na uchungu kwenye benchi kama mara ile ya kwanza. Mama Margareta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, kwamba katika nyumba ile hapakuwa na nepi hata moja, wala kofia, wala soksi, na wala hapangekuwa na kitu mpaka mtoto alie. Mtoto haandaliwi kabla hajafika. Hilo Gervas alilijua, maana na kwao ni hivyo hivyo.

"Sasa wewe umemletea mdoli," akasema mama.

"Si wake, mama."

"Basi ni wa nani?"

Gervas alikwenda kuiweka treni kwenye chumba cha nyuma, kile ambacho fundi alikiongeza mwaka jana kwa matofali yaliyobaki, akaipanga katikati ya wenzake kwenye rafu.

*

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata, alipoingia kuiaga kabla ya kwenda kazini (ndiyo, aliziaga, na tusimcheke sana), aliukuta uzi mwekundu sakafuni. Ufunguo ulikuwa kwenye tundu lake ubavuni mwa treni.

Alikaa kwenye ndoo na kuutazama ule uzi kwa muda. Alipouliza, Monica alisema labda ulioza, ni wa miaka mingapi ule. Mama Margareta alisema yeye chumba kile hakiingii. Gervas aliununulia mlango kufuli.

Kufuli halikusaidia kitu. Jioni ya Jumatano aliweka lenzi jichoni akaona ukingo wa gurudumu la mbele umeng'aa, ule mng'ao mwembamba unaokuja chuma kinapoviringishwa juu ya saruji. Siku mbili baadaye gurudumu la pili lilikuwa vilevile. Kisha rangi ya paa ikaanza kupauka, mahali padogo pa mviringo upande mmoja, na mahali pengine pa kidole kimoja upande wa pili. Jicho lake lilizoea kusoma alama hizi kwenye treni ambazo watoto waliozichezea walikwishakuwa wazee na kufa. Hakuwahi kuzisoma zikiongezeka. Uchakavu ambao kwa kawaida ni kazi ya majira mengi ya Krismasi ulikuwa ukifanyika mbele yake kati ya asubuhi na jioni, na ufunguo wa kufuli ukiwa mfukoni mwake bandarini.

Ndipo Mama Margareta aliposema mezani, bila kumwelekea mtu yeyote, kwamba saa nane mchana, watu wakishalala na jua likiwa limeshika bati, husikia mlio. Alidhani ni cherehani ya jirani. Lakini jirani alisema cherehani yake ni mbovu tangu Pasaka.

Monica alikuwa akila ugali taratibu, mkono mmoja juu ya tumbo. Hakuna aliyemwangalia.

*

Mtu akiwa na hofu hutafuta wa kumlaumu aliye karibu. Jirani yao Mwanakombo, mama wa Mtwara aliyekuwa akiuza vitumbua, alikuwa na binti aitwaye Tunu, na Tunu alikuwa akipita kwenye ua wao kila siku kwenda dukani. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa na nondo, lakini mkono mdogo ungeweza kupita, au Gervas alijiambia hivyo. Jumapili baada ya misa alimwita Tunu barazani, akaleta kichwa cha treni kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa, akamwomba akishike.

Mtoto alikishika kwa woga. Gervas akainama, akashika kidole gumba chake, akakilinganisha na lile doa lililopauka. Kidole cha Tunu, aliyekuwa na miaka minane, kilizidi pande zote. Alikirudisha tena kama anayepima bomba, akakibonyeza, na ndipo alipomwona Mwanakombo amesimama kwenye uzio na kikapu mkononi.

Mwanakombo hakupaza sauti. Alimwambia Tunu aende nyumbani akanawe mikono. Kisha akamwambia Gervas:

"Jirani, kama kuna kitu kimepotea kwako, njoo kwangu uniulize mie. Tutapekua wote. Usimshike mtoto wangu kama mwizi anayechukuliwa alama za vidole."

Gervas alisema hakuna kilichopotea. Hapo alijiona mjinga zaidi, maana alikuwa amemdhalilisha mtoto wa watu kwa ajili ya kitu ambacho kilikuwepo mkononi mwake. Aliomba radhi, na Mwanakombo akamwitikia kwa kichwa tu. Kuanzia siku ile vitumbua vya Monica vya asubuhi, ambavyo vilikuwa vikiletwa mlangoni, havikuletwa tena.

*

Mzee Didas alifika kutoka Mbweni na gari lake lenye kiyoyozi, viatu vikapauka kwa vumbi la Chanika kabla hajafika mlangoni. Alikuwa mhandisi mstaafu wa Bukoba, mtu wa maneno machache na hukumu nyingi, na kwake Mbweni alikuwa na chumba kizima cha treni ambacho hata wajukuu hawakuruhusiwa kuingia. Gervas alimkaribisha soda. Hakuwa amelala vizuri. Asubuhi ile ile alikuwa ameipaka treni nta ya viatu paani, akiomba Mungu amsamehe.

Didas hakuhitaji muda. Aliinua kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akakipangusa kwa leso, na leso ikatoka na kijani na nyeusi.

"Komba, uliniambia haijachezewa."

"Nilipoinunua ilikuwa haijachezewa, mzee."

"Hii imechezewa kila siku. Na si zamani. Angalia, chuma hapa bado kibichi." Aligeuza treni taratibu, na hasira yake ikaanza kubadilika kuwa udadisi, maana alikuwa mkusanyaji wa kweli. "Mtoto wa miaka mitano hivi. Anashika paa kwa mkono wa kulia na ufunguo anauzungusha kwa wa kushoto. Unaona? Gumba liko upande huu. Anatumia shoto. Si mharibifu, haigongeshi ukutani. Wako?"

Gervas alikuwa ameshika lenzi kwa mkono wake wa kushoto, ambao walimu wa shule ya msingi walishindwa kumwachisha kwa viboko. Aliishusha mezani.

"Sina mtoto, mzee. Tunamtarajia wa kwanza."

Didas alimtazama, akatazama chumba, sakafu ya saruji, kufuli. Aliirudisha treni mezani kwa uangalifu mkubwa. Alisema mke apewe pole, alisema safari ya Mbweni ni ndefu, alisema watawasiliana. Hakumaliza soda. Habari za daktari bingwa ziliondoka na gari lile, na Gervas alibaki barazani akipiga hesabu ambayo haikuwa ya fedha. Mimba ya kwanza ya Monica ilikuwa imefika miezi tisa. Mtoto alitoka kimya. Ilikuwa miaka mitano iliyopita.

*

Katika kabila lao mtoto aliyetoka kimya hana msiba. Watu hawakai, moto hauwashwi uani, jina halitolewi. Wanawake wazima wawili watatu humchukua, humaliza wanachomaliza, na kurudi nyumbani kupika. Baba haendi. Wakati ule waliishi Temeke kwenye chumba cha kupanga. Gervas aliambiwa aende kazini, akaenda, na aliporudi aliambiwa kwamba yamekwisha. Hakuuliza. Aliyeyamaliza alikuwa mkwe wake, na mambo ya tumbo hayaulizwi kwa mkwe. Kwa miaka mitano alikuwa ameiita adabu, na labda sehemu yake ilikuwa adabu.

Jioni ile alimkuta Mama Margareta akichambua mchicha uani. Alikaa chini, karibu kuliko alivyowahi kukaa, na kwa mara ya kwanza akamwangalia usoni.

"Mama, nisamehe kwa ninachouliza. Yule mtoto mlimweka wapi?"

Mama aliendelea na mchicha wake. Kisha mikono ikasimama.

Alisema kwamba hawakuwa na namna. Makaburini waliulizwa vibali na jina, na yeye hakuwa na jina la kutaja. Akakumbuka kwamba vijana wamenunua kiwanja Chanika. Kilikuwa pori wakati ule, mikorosho na nyasi, hakuna hata jiwe la mpaka. Walikuja na dada yake, wakachimba mahali pazuri, penye kivuli, mbali na alama za msingi walizoonyeshwa. Hakujua kwamba wangeongeza chumba. Alikuwa Peramiho fundi alipokiongeza. Alipokuja safari hii na kukiona kimesimama pale pale walipochimba, hakuweza kulala siku tatu, lakini angemwambia nani?

"Alikuwa wa kiume," akasema. "Mikono yako. Nilimfunga khanga yangu mpya."

Mama Margareta akamaliza haraka, kama anayetua mzigo: treni ile ichomwe leo hii. Umemwita, ameitika. Mtoto anayecheza peke yake hutafuta wa kucheza naye, na wa kwanza atakayemwona ni huyu aliye tumboni.

"Haichomwi."

Monica alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia mgongo. Hawakujua alikuwa hapo tangu lini. Alimsogelea mumewe, akajishusha polepole mpaka kwenye kigoda.

"Uzi nilikata mie," alisema. "Kufuli lina funguo mbili, Gervas, wewe ulinipa moja mwenyewe ukasahau. Lakini uzi ilikuwa kabla ya kufuli. Nilimsikia ndani anahangaika, anavuta, anavuta, anashindwa. Nikaingia, sikuona mtu. Treni ilikuwa sakafuni. Nikachukua mkasi."

Mama Margareta alijipiga msalaba. Gervas alimuuliza mkewe, kwa sauti ya chini, iwapo hakuogopa.

"Niliogopa. Lakini niliposikia anacheza, nikasikia raha. Miaka mitano nyie hamnisemeshi habari zake. Hakuna aliyeniambia hata kama ana nywele. Sasa mnataka kumchomea mdoli?"

Hapo nyumba nzima ilikuwa juu ya Gervas. Kama mama mkwe alikuwa sahihi, basi kuiacha treni ilikuwa kumtoa kafara mtoto wa pili. Kama Monica alikuwa sahihi, kuichoma ilikuwa kumfukuza wa kwanza mara ya pili. Hakuna lenzi ya kupimia jambo kama hilo. Alikaa mpaka mchicha ukanyauka kwenye ungo. Kisha akaenda kwenye chumba cha nyuma, akalifungua kufuli, akalitupa kwenye ndoo ya taka, akauacha mlango wazi. Mama Margareta alifunika uso kwa khanga. Hakumsemesha mkwewe tena mpaka siku ya uchungu.

*

Uchungu ulimshika Monica mchana, saa nane. Kwenye hospitali ya serikali, Gervas alikaa kwenye benchi lile lile ambalo fedha za Didas zingemwepusha nalo, mama mkwe upande wa pili, mfuko wa plastiki wa vifaa katikati yao. Kila kilio cha mtoto wa mwingine kilimtoa jasho. Alijiona amecheza kamari na mwanawe kwa sababu ya kuwaonea huruma waliokwishapita. Alimwomba Mungu, na katikati ya sala akajikuta anamwomba mwingine pia, yule wa kiume, kwamba amwache mdogo wake aje. Hakuwa na jina la kumwitia, kwa hiyo alisema tu, mwanangu.

Muuguzi alitoka akaita jina la Monica. Mtoto alikuwa wa kike, amelia kabla hata hajashikwa vizuri, na mama yake alikuwa salama. Mama Margareta alipiga magoti pale pale kwenye sakafu. Gervas alicheka, na watu wa benchi wakacheka naye, bila kujua wanachokicheka.

Wakampa jina Apolonia. Majirani walimjia na uji, na nepi zikanunuliwa siku moja mpaka kamba ikajaa. Mwanakombo alikuja na vitumbua, akamwita Gervas Baba Apolonia, na ya Tunu yakaisha kimyakimya.

Lakini kila asubuhi Gervas alikuwa akienda chumba cha nyuma na lenzi. Treni ilikuwa sakafuni, pale ilipoachwa siku Monica alipopelekwa hospitali. Siku ya kwanza hakuona alama mpya. Siku zilizofuata vilevile. Magurudumu yalianza kushika ule ukungu ambao hewa ya kwetu huleta juu ya chuma kisichotumika, na vumbi likatua paani, juu ya lile doa la gumba. Mama Margareta alimsikia akisimama pale kwa muda mrefu na akamshukuru Mungu. Nyumba ilikuwa imepona.

Asubuhi moja Monica alimfuata, Apolonia akiwa begani.

"Ameondoka?"

"Ameondoka," Gervas akasema.

Aliposema hivyo, alielewa kwamba alikuwa na mtoto wa kiume, shoto kama yeye, mpole, asiyegongesha vitu ukutani; kwamba walikaa nyumba moja kwa wiki kadhaa, na yeye muda wote ule alikuwa akipima rangi. Alikaa kwenye saruji, akaweka viganja vyote viwili sakafuni, akalia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa asubuhi ile.

Mama Margareta alikuja mbio. Alimwona mkwewe chini, akaona mikono yake iko wapi, akaelewa. Alikuwa amelizuia lile jambo miaka mitano kwa nguvu zake zote, na sasa hakuwa nazo. Alitoka uani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba, lile ambalo kila mwanamke wa mtaani hulijua hata akiwa usingizini.

Wakaja. Waliacha masufuria motoni, wakajifunga khanga viunoni, wakaingia uani wakikimbia, na kila mmoja alikuwa na wazo moja: kichanga. Mwanakombo alikuwa wa mbele, ameshafumba macho nusu kwa kutotaka kuona. Akamwona Gervas amesimama mlangoni, uso umelowa, na Apolonia mikononi mwake, mzima, akinyonya ngumi.

Watu wakasimama. Walitazamana. Mwanakombo akauliza, taratibu, nani amewatoka.

"Mwanangu wa kwanza," Gervas alisema. "Alifariki siku aliyozaliwa. Hatukuwaambia watu." Akamtafuta Monica kwa macho, kisha akatoa jina la baba yake mzazi, ambalo mtoto wa kwanza wa kiume hupewa. "Anaitwa Kornelio."

Kisha mwanamke mmoja akaenda kwao, akarudi na mkeka, akautandika uani. Mwingine akaanza kutafuta mafiga matatu ya kuwashia moto. Mwanakombo alivua ndala, akakaa mkekani na miguu ameinyoosha kama watu wanavyokaa msibani, akainua uso wake kwa Gervas.

"Pole, Baba Kornelio," akasema.